Hukumu ya Watazamaji Iliyochukua Miaka 34

Filamu ya Kiingereza iitwayo Peeping Tom huanza usiku katika mtaa mmoja wa London. Mwanamume kijana ameficha kamera ndogo ndani ya koti lake, na tangu hapo mtazamaji huona kila jambo kupitia tundu la kamera hiyo, lenye mistari miwili iliyokatana katikati. Askari aliyewahi kulenga shabaha kwa darubini ya bunduki ataitambua alama hiyo mara moja. Katikati ya mistari yumo mwanamke wa barabarani anayengoja mteja. Wanapatana bei, mwanamke anatangulia, kamera inamfuata ngazi kwa ngazi hadi chumbani. Anaanza kuvua nguo kwa uchovu, kama mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Ghafula uso wake unabadilika. Anarudi nyuma, anapiga ukelele, na picha inakatika. Baada ya hapo anaonekana yule kijana peke yake katika chumba chenye giza, akiitazama filamu aliyoipiga.

Mtazamaji aliyelipa kiingilio chake naye amekaa gizani, akiitazama filamu ileile. Ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Filamu hiyo iliongozwa na Michael Powell, ikaonyeshwa London mwezi wa Aprili mwaka 1960. Jina lake latokana na hadithi ya kale ya mji wa Coventry. Husimuliwa kwamba Bibi Godiva alipita mjini uchi juu ya farasi ili mumewe, aliyekuwa mtawala, awapunguzie watu kodi. Raia wote walijifungia ndani kwa heshima, isipokuwa mtu mmoja, Tom, ambaye alichungulia na kwa hilo akapofuka macho. Tangu hapo Waingereza humpa jina hilo mtu yeyote mwenye tabia ya kuchungulia wenziwe.

Wahakiki wa magazeti ndio waliokuwa wa kwanza kutoa maoni, na ni nadra kwa filamu yoyote kupigwa namna hiyo. Derek Hill wa gazeti la Tribune alishauri kwamba dawa pekee ni kuizoa kwa koleo na kuitupa upesi katika mfereji wa maji machafu ulio karibu. Len Mosley wa Daily Express aliandika kwamba makambi ya wakoma ya Pakistani ya Mashariki, vichochoro vya Bombay na mitaro ya Calcutta havikumtia kichefuchefu kama filamu hiyo. (Maneno ya ajabu, kana kwamba wagonjwa na maskini wa Asia waliumbwa wawe mizani ya kupimia tumbo la mwandishi wa London.) Dilys Powell wa Sunday Times, mhakiki aliyeheshimiwa sana ambaye hakuwa na udugu wowote na mwongozaji ijapokuwa walishiriki jina la ukoo, naye aliilaani. Wasambazaji wakaingiwa na hofu, wakaiondoa haraka katika majumba ya sinema. Watu wengi ambao wangalitaka kutoa maoni yao wenyewe hawakupata nafasi ya kuiona.

Ili hasira hiyo ieleweke, yafaa kujua Michael Powell alikuwa nani machoni pa Waingereza. Yeye na mwenzake Emeric Pressburger, mzaliwa wa Hungaria, walikuwa wametengeneza filamu zilizopendwa na taifa zima. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, walitoa The Life and Death of Colonel Blimp, inayomhusu ofisa mzee wa jeshi asiyetaka kukubali kwamba vita vya siku hizi havina adabu za zamani. Waziri Mkuu Winston Churchill alijaribu kuizuia, akashindwa. Mwaka 1948 walitoa The Red Shoes, ambamo Moira Shearer, mcheza ngoma ya bale mwenye nywele nyekundu, aliiteka mioyo ya watazamaji. Mwaka 1956 wakatoa filamu ya vita vya manowari vya River Plate. Mwongozaji wa namna hiyo alikuwa kama mtu wa nyumbani. Sasa katika Peeping Tom yuleyule Moira Shearer anacheza kwa furaha usiku katika studio tupu, kisha anauawa na kutiwa ndani ya kasha, na kesho yake kasha hilo linafunguliwa mbele ya watu wakati wa kupiga picha. Wengi waliona wamesalitiwa.

Lakini hasira haiwezi kuelezwa kwa sababu hiyo tu, kwani miezi miwili baadaye, mwezi wa Juni mwaka uo huo, Alfred Hitchcock, naye mzaliwa wa Uingereza, alitoa Psycho huko Marekani. Humo pia mna kijana mpole, mwenye haya, mzuri wa sura, ambaye ni muuaji. Mna kuchungulia, kwani Norman Bates huondoa picha ukutani na kumtazama mgeni wake kupitia tundu. Mna mwanamke anayechomwa kisu bafuni katika tukio la chini ya dakika moja lililochukua siku saba kupigwa, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Filamu hiyo iligharimu dola laki nane hivi, ikarudisha fedha hizo mara nyingi. Watu walipanga foleni mitaani kuingojea.

Hitchcock alikuwa mjanja katika jambo la maoni. Hakuwaonyesha wahakiki filamu yake faraghani kabla ya watu wengine kama ilivyokuwa desturi, bali walilazimika kuitazama pamoja na raia. Tena aliamuru kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kuingia baada ya filamu kuanza, awe nani, na akawaomba waliokwisha kuona wasiwasimulie wenzao mwisho wake. Hivyo mhakiki alijikuta ameketi katikati ya watu mia kadhaa wanaopiga mayowe na kucheka kwa hofu, na maoni yao yakamfikia kabla hajaandika neno. Hata hivyo wengine hawakuridhika. C. A. Lejeune wa gazeti la The Observer alitoka kabla filamu haijaisha, na mwisho wa mwaka huo akaacha uhakiki alioufanya katika gazeti hilo tangu 1928. Bosley Crowther wa New York Times hakuipenda sana mwanzoni, lakini mwaka ulipokwisha aliiweka katika orodha yake ya filamu kumi bora. Hayo ni mageuzi ya miezi michache tu. Yale ya Peeping Tom yalichukua muda mrefu zaidi, na yana mafunzo mengi zaidi juu ya watazamaji.

Tofauti ya filamu hizo mbili iko katika mahali anapowekwa mtazamaji. Psycho humtisha, halafu humwachilia. Kwa muda mrefu hajui muuaji ni nani, kwa hiyo yumo upande wa wanaotafuta. Na mwishoni daktari wa magonjwa ya akili anasimama katika kituo cha polisi na kueleza kila kitu, mtuhumiwa akiwa chini ya ulinzi. Mtazamaji hurudi nyumbani ametetemeka lakini ana amani, mithili ya mtu aliyesomewa jalada lililofungwa. Peeping Tom haimpi faraja hiyo. Muuaji anajulikana tangu dakika ya kwanza. Anaitwa Mark Lewis, ni msaidizi wa mpiga picha katika studio ya filamu, na kazi yake ni kurekebisha lenzi ili picha isififie. Anasema kwa sauti ya chini, ana adabu, anawapangisha watu vyumba katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Mtazamaji anampenda, na huko kumpenda ndiko kunakomwudhi.

Wahakiki wa mwaka 1960 hawakusema uongo waliposema wameumia. Waliumia kweli, ila walikosea kutambua kilichowaumiza. Waliandika juu ya uchafu na ukatili, ilhali filamu hiyo haionyeshi damu nyingi. Mauaji yake karibu yote hukatwa kabla ya pigo. Kilichowachoma ni kuambiwa kwamba nao, ambao kazi yao ya kila siku ni kuketi gizani na kutazama maisha ya watu wengine, wana undugu na Mark Lewis. Filamu yenyewe inalitamka jambo hilo kwa mzaha mkali. Asubuhi baada ya mauaji ya kwanza, Mark anarudi na kamera yake na kuwapiga picha polisi wakiuchukua mwili wa mwanamke yule. Mtu mmoja anamwuliza anatoka gazeti gani. Anajibu kwamba anatoka The Observer, jina ambalo maana yake ni Mtazamaji.

Polisi wa leo hawana haja ya kuelezwa tukio hilo. Aliyewahi kulinda mahali pa ajali au mauaji anaujua mduara wa watu wanaojikusanya, na anajua kwamba siku hizi mikono yao imeinuliwa juu na kila mmoja ana simu inayopiga picha. Wengi wao si watu wabaya. Wangemsaidia majeruhi wakiombwa. Lakini kamera ikishakuwa mkononi, miguu hukataa kwenda mbele. Mwaka 1960 jambo hilo lilikuwa la mgonjwa mmoja katika filamu.

Sehemu ya filamu inayozihusu nyumba zaidi ni ile ya baba na mtoto, na ndiyo iliyowagawa watazamaji hata miongoni mwa waliompenda Powell. Baba yake Mark alikuwa mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyechunguza hofu, na kitu alichokitumia kwa uchunguzi wake kilikuwa mwanawe mwenyewe. Alimwamsha usiku kwa mwanga wa taa machoni. Alimtupia mjusi kitandani. Alimpiga picha akiwa kando ya kitanda cha mama yake aliyefariki. Vyumba vyote vya nyumba vilitegwa vinasa sauti, hata mtoto hakuwahi kuwa na saa moja ya faragha. Kisha baba huyo akaoa mke mwingine na kumpa mtoto zawadi yake ya kwanza, nayo ilikuwa kamera. Hapana kofi wala fimbo katika malezi hayo. Mzazi yeyote akitazama haoni mahali ambapo jirani angeingilia kati au mwalimu angetoa taarifa, na mtoto yule ameharibiwa kabisa.

Powell aliicheza sehemu ya baba yeye mwenyewe, na mtoto alikuwa mwanawe wa kweli, Columba. Wapo waliosema hilo ni ukatili juu ya ukatili. Wengine walilichukua kama ungamo la mwongozaji wa filamu: kwamba kazi yake ni kuwatia watu hofu na kuikamata nyuso zao ikiwa imewajaa, na kwamba hakutaka kujificha nyuma ya mchezaji wa kukodiwa. Maoni ya pili yana uzito zaidi, ijapokuwa mtu anaweza kuyakubali na bado akatamani mtoto yule angetafutwa kwingine.

Ulingano huo kati ya muuaji na mwongozaji unafika mbali. Mguu mmoja wa kamera ya Mark umefichwa ncha kali, na humo hutumia kuwachoma wanawake huku akiwapiga picha. Mwishoni hujulikana jambo ambalo limewafanya watazamaji wengi wakose usingizi: juu ya kamera amefunga kioo, ili kila anayekufa auone uso wake mwenyewe unavyotishika. Yote hayo yamepambwa kwa rangi za fahari, nyekundu hasa, na muziki wa piano. Uzuri huo nao ulilaumiwa. Watu wa mwaka 1960 walizoea hofu iwe na picha za nyeusi na nyeupe na nyumba chakavu. Filamu nzuri kama kitambaa cha hariri juu ya jambo baya namna hiyo iliwachanganya, wasijue kama washangilie au wageuze nyuso.

Katika nyumba ya Mark anaishi msichana aitwaye Helen, aliyechezwa na Anna Massey, pamoja na mama yake kipofu. Mama huyo ndiye mtu mwerevu kuliko wote katika filamu. Haoni kitu, hivyo picha haziwezi kumdanganya. Husikiliza nyayo za mpangishaji wake juu ya dari kila usiku na hamwamini mtu anayetembea kimyakimya namna ile. Mkuu wa upelelezi ana askari, madaktari na maabara, naye anafika baada ya mama huyo. Helen kwa upande wake anamwomba Mark jambo dogo sana kabla ya kwenda naye kula chakula cha jioni: aiache kamera yake nyumbani. Anakubali. Njiani mkono wake unapapasa mahali ambapo kamera huning'inia daima, haukuti kitu, na kwa muda wa jioni moja ni kijana kama vijana wengine. Watazamaji wengi wanaoirudia filamu hiyo huirudia kwa ajili ya jioni hiyo, si kwa ajili ya mauaji.

Yapo malalamiko ambayo hayajajibiwa. Watazamaji wanawake wameuliza, na wana haki kuuliza, kwa nini wanaokufa wote ni wanawake: malaya, mcheza ngoma, msichana anayepigwa picha za uchi juu ya duka la magazeti. Kama mwongozaji alitaka kumwaibisha mwanamume anayechungulia, mbona kwanza amempa nafasi ya kuchungulia kwa muda wa saa nzima? Laura Mulvey, mtaalamu wa filamu wa Uingereza, aliandika katika makala mashuhuri ya mwaka 1975 kwamba sinema imezoea kumweka mwanamke mahali pa kitu cha kutazamwa na kumpa mwanamume jicho. Mtetezi wa Peeping Tom atasema kwamba filamu hiyo inalishtaki jicho hilo. Ni kweli, lakini shtaka lenyewe limeandikwa kwa kalamu ileile. Mume na mke wanaweza kuitazama pamoja na kutofautiana hapo hadi usiku wa manane bila mmoja wao kuwa mpumbavu. Watoto, bila shaka, wawe wamelala.

Aliyeandika mchezo huo hakuwa mtu wa sinema tangu ujana. Leo Marks, mtoto wa mwenye duka la vitabu la London, aliingia mwaka 1942 katika idara ya siri ya Uingereza iliyopeleka majasusi katika nchi zilizotekwa na Wajerumani, akawa msimamizi wa maandishi ya siri. Alikuwa akikutana na vijana, wanaume kwa wanawake, kabla hawajarushwa kwa parachuti usiku, akiwafundisha namna ya kuficha maana ya barua zao, akijua kwamba wengi hawatarudi. Aliwachapishia maandishi ya siri juu ya hariri ili wayafiche katika nguo. Mwanajeshi atafahamu upesi kuliko mhakiki wa magazeti kwa nini mtu kama huyo, miaka 15 baada ya vita, angeandika hadithi ya nyuso zinazotazamwa katika saa ya hofu.

Na yule aliyemcheza muuaji? Karlheinz Böhm alikuwa kipenzi cha watazamaji wa lugha ya Kijerumani, ambao walimjua kama mfalme kijana Franz Joseph katika filamu tatu za Sissi za miaka 1955 hadi 1957. Kumwona na kamera ya kuulia hakukuwapendeza. Lakini jina lake lina historia nyingine, nayo iko karibu zaidi na Afrika ya Mashariki kuliko studio za London. Tarehe 16 Mei 1981, katika kipindi cha michezo cha televisheni ya Ujerumani, aliweka dau na watazamaji: kwamba haitapatikana hata theluthi moja yao itakayotoa angalau maki moja kwa ajili ya watu wenye njaa Afrika. Alishinda dau, kwani theluthi haikutimia. Hata hivyo zilikusanywa maki zaidi ya milioni moja. Akazichukua fedha hizo hadi Ethiopia, akaanzisha shirika la Menschen für Menschen, na katika bonde la Erer wakajengewa makao mapya watu waliokuwa kambini. Kwa zaidi ya miaka 30 shirika lake lilichimba visima, likajenga shule na zahanati. Serikali ya Ethiopia ilimpa uraia wa heshima mwaka 2003, naye alifariki mwaka 2014.

Michael Powell hakupata bahati ya kusahauliwa kosa lake upesi. Milango ya studio za Uingereza ilifungwa moja baada ya nyingine, akaenda kutengeneza filamu Australia, kisha kazi ikakoma. Peeping Tom iliendelea kuishi kwa siri, katika nakala zilizokatwakatwa na kuchakaa, ikionwa na wachache. Mmoja wao alikuwa kijana wa New York, Martin Scorsese, ambaye baadaye akawa mwongozaji mashuhuri; mwaka 1979 alisaidia kuirudisha hadharani ikiwa kamili, na watazamaji wapya wakaipokea kwa mshangao. Mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya filamu 100 bora za Uingereza.

Dilys Powell aliishi hadi kuyaona hayo. Mwezi wa Juni mwaka 1994, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, aliirudia filamu aliyoilaani na akaandika katika Sunday Times, gazeti lilelile, kwamba sasa anaamini ni kazi bora kabisa, na kwamba iwapo wafu wanaruhusiwa kuzungumza huko waendako, atauona kuwa wajibu wake kumtafuta Michael Powell na kumwomba radhi. Ilimbidi aseme hivyo, kwa kuwa Michael Powell alikuwa amekwisha kufa mwaka 1990. Mwaka uliofuata, 1995, naye akafariki.